Na Nyumba za Ibada

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, aliyeufanya usiku kuwa vazi na usingizi kuwa mapumziko. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu wanafunzi, maneno haya yalianza kama darsa fupi baada ya swala ya Isha, Alhamisi moja, nayo hayakumalizika. Mjadala uliwaka hadi mlinzi akaja kufunga chumba, tukatoka nje tukaendelea kubishana chini ya taa ya barabarani, na hapo ndipo mmoja wetu alipocheka akasema, jamani, tunabishana juu ya kelele saa hizi huku watu wamelala. Wahariri wameniomba niyaandike. Nayaandika nikijua kwamba baadhi yenu hamkukubaliana nami usiku ule, na huenda hamtakubaliana nami leo.

Habari yenyewe mnaijua. Mtaa ambao wengi wetu tumepanga vyumba hapa Lilongwe una kiwanja cha wazi kinachokodishwa mwisho wa wiki. Leo tamasha, kesho harusi, keshokutwa uzinduzi wa hiki na kile. Jenereta huwashwa magharibi, spika hupangwa moja juu ya nyingine, na muziki huenda hadi saa tisa usiku. Wakazi wakaandika barua kwenda halmashauri ya jiji. Hawakuomba kiwanja kifungwe. Waliomba kila kibali kitaje saa ya mwisho, saa nne usiku siku za kazi na saa sita mwisho wa wiki. Waliomba spika zigeuzwe zisitazame nyumba za watu, na iwepo namba ya simu ambayo mtu akipiga usiku inapokelewa. Barua ikazungushwa nyumba kwa nyumba ili watu watie saini. Ilikuwa wiki ya mitihani. Wengi wetu tungeisaini hata kama ingeandikwa kwa Kichina.

Lakini katika mkutano wa wakazi mzee mmoja alisimama akasema kanuni isiwe ya upande mmoja. Kama ni baa, kumbi na viwanja, basi iwe pia na nyumba za ibada. Watu wakapiga makofi, maneno yakaongezwa. Kwa Kiswahili chetu ni maneno manne tu: na nyumba za ibada. Barua ilipofika kwenye nyumba zetu, kalamu zikawekwa chini. "Hapo wanaitaka adhana," alisema ndugu mmoja. Mwingine akasema tukisaini tutakuwa tumejifunga kamba wenyewe kisha tukawakabidhi ncha yake.

Sitaki kuicheka hofu hii. Katika sensa ya 2018 Waislamu wa Malawi tulikuwa asilimia 13.8. Mtu aliye wachache huisoma kila kanuni mpya mara mbili, ya kwanza kuona inasema nini, ya pili kuona itamwangukia nani. Na ndugu zetu wenye asili ya Rwanda walitukumbusha ya Kigali. Machi 2018 misikiti ya wilaya ya Nyarugenge, ambayo ndiyo yenye Nyamirambo na Waislamu wake wengi, iliambiwa iache kuadhini kwa vipaza sauti kwa sababu ya kanuni za kelele. Ni kweli kwamba siku zile zile makanisa yapatayo 700 yalifungwa jijini humo kwa kukosa masharti ya majengo na kwa kelele, kwa hiyo hatukuwa peke yetu. Lakini anayeishi karibu na msikiti na akaamka alfajiri asisikie kitu hafarijiki kwa kuambiwa kwamba na jirani yake wa kanisani naye amefungiwa.

Basi hofu ipo, na ina sababu. Swali langu ni jingine. Nimeuliza usiku ule na nauliza tena: tukiondoa hofu, je, maneno yale manne ni ya haki au si ya haki? Dini yetu yenyewe ingesema nini kama mzee yule angewasilisha shauri lake si kwa halmashauri, bali kwa Mtume (s.a.w.)?

Kuna hadithi ambayo mimi niliisoma mwaka wa kwanza kama kisa cha maziwa. Imamu Muslim ameipokea kutoka kwa Miqdad bin al-Aswad (r.a.). Miqdad na wenzake wawili walifika Madina wakiwa hoi kwa njaa, hata kusikia na kuona kwao kukawa kumedhoofika. Wakajipeleka kwa maswahaba mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeweza kuwapokea, maana watu wenyewe hawakuwa na kitu. Mtume (s.a.w.) akawachukua nyumbani kwake. Palikuwa na mbuzi watatu. Akawaambia wakamue na wagawane. Kila usiku wakawa wanakunywa mafungu yao na kumwekea Mtume fungu lake. Mimi mtoto wa Dzaleka nikisoma hapo siwaoni watu wa karne ya kwanza, naona watu wa foleni ya mgao, wenye kadi mkononi, wanaohesabu fungu la nani limebaki.

Kisa kina mengi mbele yake. Shetani anamshawishi Miqdad anywe hata fungu la Mtume, anakunywa, kisha usingizi unamkimbia kwa hofu ya dua mbaya. Msiojua mwisho wake kausomeni, ni mtamu. Mimi nataka jambo dogo ambalo Miqdad amelitaja kama anayepita njia. Anasema Mtume alikuwa akiingia usiku na kutoa salamu kwa sauti isiyomwamsha aliyelala, lakini inayomfikia aliye macho.

Rudia kulisoma hilo polepole. Nyumba ni yake. Mbuzi ni wao, na walioko ndani ni wageni wake waliokuwa wanakufa njaa kama si yeye. Anachotaka kukitamka si wimbo wala tangazo la biashara. Ni salamu, dua, neno linaloleta thawabu kwa mtoaji na kwa mjibuji. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kuingia kwake na kusema Assalamu alaykum kwa sauti kamili, ni huyo. Naye anasimama mlangoni gizani na kuipima sauti yake. Anajua ndani mna watu wa aina mbili, na kila mmoja ana haki. Aliye macho ana haki ya salamu. Aliyelala ana haki ya usingizi wake. Hakumdhulumu mmoja kwa ajili ya mwingine.

Wala hakuishia nyumbani kwake. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kwamba Mtume alikuwa katika itikafu msikitini, akawasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti za juu. Akafunua pazia, akawaambia kwamba kila mmoja wao anazungumza na Mola wake kwa siri, basi wasiudhiane na wasipandishiane sauti katika kusoma. Ndugu zangu, hapo ni msikitini. Kinachosomwa ni Qur'ani. Wanaosumbuliwa ni Waislamu wenzao waliokuja wenyewe kufanya ibada. Na bado limeitwa ni kuudhiana. Sasa tuseme nini juu ya kaswida inayoingia saa nane usiku kwenye dirisha la mtu asiyeswali nasi, mwenye zamu kazini saa kumi na mbili asubuhi?

Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya sita Hijria, katika kitabu chake cha Talbis Iblis aliwataja watu wanaopanda mnarani usiku wakawaidhi na kusoma sura za Qur'ani kwa sauti kubwa, wakawanyima watu usingizi na kuwavuruga wanaoswali tahajudi. Akaliweka hilo katika maovu. Tazama jina la kitabu: ni kitabu cha hila za Iblisi. Hakusema ni wema uliozidi kidogo. Na wakati huo hapakuwa na umeme, kulikuwa na koo la binadamu tu.

Wengi mnajua nilikulia Dzaleka, na hapa lazima niseme jambo ambalo usiku wa darsa sikulisema.

Wasiofika huko wajue kwamba Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita zisizozidi 50 kutoka Lilongwe. Enzi za Kamuzu Banda palikuwa gereza la wapinzani wake wa kisiasa. Jina lenyewe, wenyeji wanasema, lina maana ya kuacha, kutorudia tena. Kuanzia 1994 pakawa kambi ya wakimbizi. Palipangwa kwa watu elfu kumi au elfu kumi na mbili, leo tumezidi 50,000, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia. Nyumba ni za matofali ya udongo, zimesogeleana kiasi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole. Hata majina ya mitaa yetu tumeazima mjini. Kuna Kawale ya Lilongwe na kuna Kawale ya kambini. Lakini kanuni za jiji hazikuazimwa. Kibali cha halmashauri ya Lilongwe hakina habari na Dzaleka.

Miaka mitatu iliyopita tulifanya maulidi ya nje, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mitambo. Nilikuwa najivunia sana kazi hiyo. Nilipata spika mbili kubwa za kukodi, nikaziweka juu ya meza ya mwuza mboga, nikazigeuza kuelekea njiani ili sauti ifike mbali. Tulianza baada ya Isha. Tulimaliza saa tisa na nusu, alfajiri ikiwa karibu. Nililala nikiwa na furaha ya mtu aliyemtumikia Mtume wake.

Asubuhi akaja jirani yetu, mama wa Kibembe kutoka Fizi, mlokole, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amejifungua wiki chache nyuma. Hakuja na hasira. Alisimama mlangoni akanisalimia kama kawaida.

"Mwanangu, umeamkaje?"

"Salama, mama. Na mtoto?"

"Mtoto hakulala, na mimi sikulala. Mimi sina kinyongo na dini yenu. Lakini ile spika mliielekeza dirishani kwangu."

Nikamwambia samahani, mama, ni mara moja tu kwa mwaka. Akatikisa kichwa. Akasema jambo ambalo sijalisahau: "Kanisani kwetu wakikesha, baba yako anakwenda kwa mchungaji kulalamika, na mchungaji anamsikiliza kwa sababu ni mzee. Ninyi mkikesha, mimi niende kwa nani?"

Nilipolipeleka neno lake kwa wakubwa wa shughuli, mmoja akajibu kwamba mwenye kuchukizwa na sifa za Mtume ana lake moyoni. Jibu hilo lilinifurahisha. Nasema kweli, lilinifurahisha, kwa sababu lilinitoa mimi kwenye kosa na kumwingiza yeye. Ilinichukua hadi darasa la hadithi, mwaka wa kwanza chuoni, nikisoma kisa cha Miqdad, ndipo nikamkumbuka yule mama na uso ukaniwaka moto. Mtume nilijidai nikimsifu kwa spika mbili ndiye aliyeipunguza sauti ya salamu nyumbani kwake mwenyewe ili asimwamshe mgeni.

Na ni kweli kwamba baba yangu alikuwa akienda kwa mchungaji. Mikesha yao ilikuwa ya kila Ijumaa. Alikuwa na haki kulalamika. Lakini hakuwahi kwenda kwa imamu.

Mtume (s.a.w.), kwa mapokezi ya Bukhari kutoka kwa Abu Shurayh, aliapa mara tatu kwamba haamini mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Hadithi hii tunaitumia sana juu ya wengine. Na wanavyuoni wanataja kwamba neno jirani katika Surat an-Nisaa, aya ya 36, linamgusa jirani wa karibu kwa nasaba na jirani wa mbali asiye na nasaba nawe, na wafasiri wengi wanamwingiza humo asiye Mwislamu. Mama wa Kibembe yumo ndani ya aya hiyo, yeye na mtoto wake mgongoni.

Tena kuna Surat an-Nur, aya ya 58, inayotaja nyakati tatu za faragha, ambazo hata watoto na watumishi wa nyumba ileile huomba ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya swala ya alfajiri, mchana mnapovua nguo, na baada ya swala ya Isha. Ona kwamba saa ya mwisho ambayo wakazi wameiomba kwenye barua, sheria yetu iliijua zamani. Baada ya Isha mlango una hukumu nyingine. Na sauti nayo ni kitu kinachoingia nyumbani mwa mtu, tena haipigi hodi.

Sasa nirudi kwa ndugu aliyesema wanaitaka adhana. Adhana si maulidi, si mawaidha, si kaswida, si mkesha wa darsa. Adhana ni wito wa dakika chache, una wakati unaojulikana, na sharia yenyewe imeutaka uwe wa kusikika. Nikisema tuzishushe spika sisemi tuinyamazishe adhana, na yeyote atakayeleta kanuni ya kuinyamazisha atanikuta upande wenu. Lakini tuwe wakweli. Mara ngapi tumetumia heshima ya adhana kupitisha vitu vingine nyuma yake? Tunaiwasha spika kwa adhana ya alfajiri, kisha tunaiacha iendelee na mawaidha ya kurekodi hadi jua linachomoza, na mtu akiuliza tunasema anaipinga adhana. Huko ni kuifanya adhana ngao.

Mei 2021 Wizara ya Mambo ya Kiislamu ya Saudi Arabia iliamuru vipaza sauti vya nje vya misikiti vitumike kwa adhana na ikama peke yake, na sauti isizidi theluthi moja ya uwezo wa chombo. Waziri, Sheikh Abdullatif Al-Sheikh, aliutetea uamuzi huo baada ya watu kulalamika, na hoja mojawapo iliyotumika ilikuwa ile hadithi ya kutoudhiana katika kusoma. Mtu anaweza kuupenda au kutoupenda utawala wa huko, hilo si somo letu. Ninachosema ni kwamba nchi yenye Makka na Madina ilipoandika kanuni ya sauti, iliwaandikia kwanza watu wa misikitini.

Miji mingine imeanzia kwingine. Kenya ina kanuni zake za kelele tangu 2009, chini ya NEMA, na Novemba 2022 Gavana Sakaja wa Nairobi alizifungia leseni klabu za usiku zilizo ndani ya makazi. Rwanda, kuanzia Septemba 2023, iliweka saa saba usiku kuwa mwisho wa starehe siku za kawaida, na saa nane Ijumaa na Jumamosi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu 1999 kwamba chumbani usiku kelele za mfululizo zisizidi desibeli 30 ili mtu alale vizuri, na hiyo ni kama mnong'ono. Sizitaji ili tuone aibu kwamba sisi tumechelewa. Nazitaja kwa sababu usiku ule kuna aliyesema mzee wa mtaani amezua jambo jipya dhidi yetu. Hakuzua. Watu wa kila mji wanataka kulala.

Nisije nikaeleweka kwamba mimi ni adui wa furaha. Nimeishi mahali ambapo furaha ni dawa. Tamasha la Tumaini, ambalo mshairi Mkongomani Menes la Plume alilianzisha Dzaleka mwaka 2014, limeleta kambini watu ambao wasingekanyaga huko maisha yao yote. Wanatoka Lilongwe na nje ya nchi, wengine wanalala kwenye nyumba zetu na kula tunachokula. Kwa siku chache sisi ndio wenyeji na wao ndio wageni. Mtoto aliyezaliwa kambini akiona jambo hilo mara moja anatembea tofauti mwaka mzima. Anayetaka kulifuta hilo kwa jina la dini akumbuke wasichana wawili walioimba nyumbani kwa Bi Aisha (r.a.) siku ya Idi, Abu Bakr akawakemea, na Mtume akasema waachwe kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao. Akumbuke Wahabeshi waliocheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume. Ndoa nayo tumehimizwa itangazwe. Lakini nikizitazama hadithi hizo sioni hata moja ambapo furaha ya watu ilijengwa juu ya usingizi wa wengine. Tena tamasha la siku chache kwa mwaka, ambalo kila mtu anajua tarehe yake, si sawa na kiwanja kinachonguruma kila wiki. Jirani anaweza kuvumilia kitu alichoambiwa mapema na chenye mwisho.

Najua pia kwamba nchi hii suala la sauti si dogo kwa Waislamu wake. Karne iliyopita, kule kwa Wayao, waliokwenda makaburini kwa dhikri ya sauti waliitwa sikiri, na waliotaka maiti azikwe kimya wakaitwa sukuti, na familia nyingi zikagawanyika kwa ajili hiyo. Sitaki kulifukua. Nalitaja ili ndugu zetu wageni wafahamu kwa nini mzee wa Kiyao ukimwambia apunguze sauti katika ibada anaweza kukutazama kwa jicho la shaka. Ana kumbukumbu ambayo wewe huna. Mwambie kwa adabu.

Kinachonisumbua zaidi ni lile swali la mama: niende kwa nani? Hapa mjini mwenye nyumba atapiga simu, ataandika barua, ana diwani wake. Kambini mtu hulalamika kwa gharama. Leo unamshitaki jirani, kesho mnakutana kwenye foleni ya bomba, keshokutwa unahitaji akushikie mtoto uende kliniki. Na wapo ambao usiku wao ulikwisha kuharibika kabla hawajafika Malawi. Kuna mzee wa Kirundi karibu na kwetu ambaye fataki za harusi zikilipuka hutoka nje na kukaa chini ukutani hadi asubuhi. Yeye hajawahi kulalamika kwa mtu yeyote. Kanuni ya halmashauri humlinda anayejua kulalamika. Asiyejua, au asiyeweza, analindwa na nini kama si kumcha Mungu kwa yule aliyeshika kitufe cha spika? Nami kitufe nilikishika.

Kwa hiyo nilisaini. Nilisaini barua ikiwa na maneno yake yote, na kabla ya kusaini nilimfuata katibu wa wakazi nikamwomba jambo moja: badala ya nyumba za ibada, iandikwe mikusanyiko yote ya usiku inayotumia vipaza sauti vya nje, iwe ya biashara, ya sherehe au ya ibada, na ielezwe kwamba adhana na kengele si mikusanyiko. Akanisikiliza, akaandika pembeni ya karatasi kwa penseli. Alisema atalipeleka kwenye kikao. Huenda likapita, huenda lisipite. Ndugu waliosema nimeharakisha wana hoja yao, na mlango wa kikao hicho uko wazi kwao pia. Kwenda kusema pale ni bora kuliko kukataa kalamu na kubaki ndani.

La pili ni la kwetu wenyewe. Jumuiya yetu inapanga maulidi ya mwaka huu kwenye uwanja ule ule, na nimepeleka ombi kwa kamati. Spika zitazame ndani, waliko wasikilizaji. Saa nne usiku tuzime za nje, na anayetaka kuendelea na dhikri aendelee ndani kwa koo lake. Nyumba zinazopakana na uwanja zipitwe siku tatu kabla, ziambiwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na ziachiwe namba ya simu ya mtu mmoja. Nimejitolea mimi niwe huyo mtu. Kamati haijajibu. Mwekahazina aliniuliza, nusu mzaha, kama nataka maulidi ya bubu.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa yule mama. Mtoto sasa anakimbia, anavunja kila kitu. Nikamwambia, mama, ile mitambo ya mwaka ule niliipanga mimi, na wewe ulikuwa na haki, nisamehe. Akacheka sana, akaniwekea kiti nje. Akasema alikwisha kunisamehe siku ile ile, kwa sababu asubuhi yake nilikuwa nimempelekea pilau. Pilau yenyewe siikumbuki, nadhani ni mama yangu aliyeipeleka. Kisha akanong'ona kama mtu anayetoa siri, kwamba spika ya kanisa lao imeungua tangu mwezi uliopita na hela ya kununua nyingine haijapatikana, na kwamba nimwambie mzee wangu alale vizuri kwa sasa, maana wanachanga.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.